Nguo za kufuma zenye ruwaza na falsafa yako ya ubunifu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa ubunifu wa vitambaa wanapopewa ile kazi inayowatisha wengi: buni nguo ya kufuma yenye ruwaza, kisha ueleze falsafa iliyokuongoza. Ufumaji unaozungumziwa hapa ni ule wa vitanzi, wa sindano au wa mashine, unaotupatia sweta, soksi, skafu na kofia. Ule wa mtande na mshindio, yaani wa nyuzi za urefu zinazopishana na za upana, una kunga zake nyingine. Majibu ni ya mtu anayefundisha somo hili na kulipenda, kwa hiyo utaona mahali ambapo nimeegemea upande mmoja bila kuficha.

Falsafa binafsi ya ubunifu ni kitu gani hasa?

Ni yale unayoyachagua tena na tena hata pasipo mtu wa kukulazimisha, pamoja na yale unayoyakataa hata yakipendeza. Mwanafunzi mmoja havumilii ukingo mkali kati ya rangi na rangi. Katika kila sampuli yake rangi huingiliana taratibu. Mwenzake hatulii mpaka upande wa ndani wa kitambaa uwe safi sawa na wa nje, na yuko tayari kufumua kazi ya wiki nzima kwa ajili hiyo. Wala hakuna aliyeanza kwa kuandika sentensi nzito, ila wote wawili wana falsafa. Huyu wa pili anaamini kwamba mvaaji ana haki juu ya kile kinachogusa ngozi yake, na imani hiyo unaweza kuigusa kwa vidole.

Maneno kama "utambulisho", "asili" na "uendelevu" hayajawa falsafa mpaka yabadilishe kitanzi. Ukisema unajali uendelevu huku umechagua uzi ule ule, mbinu ile ile na kiasi kile kile cha mabaki ambacho ungekichagua bila neno hilo, basi neno hilo halijafanya kazi yoyote.

Kwa nini nguo za kufuma? Je, kitambaa cha kuchapa hakitoshi kuonyesha falsafa?

Kinatosha, lakini ufumaji unakubana zaidi, na ndiyo sababu walimu tunaupenda kwa kazi hii. Katika kuchapa, kitambaa kipo tayari, nawe unakiwekea picha juu. Katika kufuma, kitambaa na ruwaza vinazaliwa kwa pamoja. Ukiongeza rangi moja katika safu, umeongeza uzi mgongoni mwa kitambaa. Kitambaa kimekuwa kizito zaidi, kina joto zaidi, na hakivutiki kama awali. Hakuna uamuzi wa macho peke yake. Kila unachotaka kionekane kina gharama katika mwili wa nguo, na namna unavyoilipa gharama hiyo ndiyo inayotufunulia unachokithamini.

Mfano ninaourudia sana ni sweta ya mbunifu wa mavazi Elsa Schiaparelli ya mwaka 1927: nyeusi, na shingoni ina fundo kubwa la utepe mweupe ambalo si fundo, ni mchoro uliofumwa humo humo. Iliyofanya mzaha ule wa macho uwezekane ni mbinu ya mfumaji Mwarmenia aliyekuwa Paris, ambaye aliunasa uzi mweupe mgongoni kila baada ya vitanzi vichache. Uzi ule ulichungulia kidogo upande wa mbele ukaacha vidoa vyeupe kwenye weusi, na kitambaa kikakaa imara bila kulegea. Ukitenganisha wazo la Schiaparelli na mkono wa yule mfumaji, sweta ile haipo.

Nianze na falsafa au nianze na ruwaza?

Anza na sampuli. Chukua nyuzi ulizonazo, chagua umbo moja rahisi, mstari au doa, ulifume kwa njia nyingi kadiri uwezavyo: likiwa kubwa, likiwa dogo, likirudiwa kwa mpangilio, likitawanyika, kwa rangi zinazogombana, kwa rangi zinazokaribiana. Usieleze lolote bado. Kisha zitandaze zote sakafuni na uziangalie kwa siku mbili tatu. Ziondoe zile ulizozifuma ili kumpendeza mwalimu, unazijua. Zinazobaki zina jambo moja au mawili yanayojirudia, na hapo ndipo penye mzizi.

Wanafunzi wanaoanza na tamko huishia kulichorea tamko lao picha. Akisema "maisha ni safari", basi sweta inajaa njia na nyayo. Kazi ya namna hiyo inaeleweka haraka na kusahaulika haraka.

Nitatoa wapi chanzo cha ruwaza zangu?

Mahali ulipo na macho yako. Nyufa za ukuta, kivuli cha wavu, mpangilio wa vigae, mwandiko wako mwenyewe, ramani ya njia unayopita kila siku. Mradi umekichora mwenyewe kwa mkono kabla ya kukigeuza kuwa miraba ya karatasi, kila mraba ukiwa kitanzi kimoja. Picha ya simu inakupa umbo lote kwa mkupuo, ilhali kuchora kunakulazimisha uamue kipi kibaki na kipi kiachwe.

Chanzo kinaweza pia kuwa hitaji, na hapa sijui mfano bora kuliko wa mbunifu Laduma Ngxokolo wa Afrika Kusini. Alikuwa mwanafunzi wa ubunifu wa vitambaa huko Port Elizabeth, na kufuma kwa mashine alifundishwa na mama yake. Swali lililomsumbua lilikuwa la nyumbani kwao kabisa: vijana wa Kixhosa wakitoka jandoni huacha nguo zao za zamani na kuvaa mpya za heshima kwa miezi kadhaa, lakini nguo zilizopatikana madukani zilikuwa za mitindo ya nje, sweta za Kizungu zisizosema lolote juu ya walichokipitia. Kwa hiyo mwaka 2010, katika kazi yake ya chuo, alizichunguza kazi za shanga za Waxhosa, ulinganifu wake na rangi zake, akabuni sweta za sufu ya kondoo wa merino na za mohea, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, kwa ajili ya vijana hao. Mohea nayo haikuwa nasibu, kwani Afrika Kusini ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa nyuzi hizo. Kazi hiyo ya mwanafunzi ndiyo iliyozaa jina la MaXhosa linalojulikana leo.

Tazama jinsi kila uamuzi ulivyoshikana na mwenzake. Mvaaji ni nani? Anapita katika kipindi gani? Mikono iliyotangulia ilimwachia nini? Uzi unatoka wapi? Angeondoa swali moja, ruwaza zile zingebaki mapambo tu. Mapambo si kosa. Ila kazi uliyopewa inadai zaidi.

Je, ninaruhusiwa kutumia ruwaza za jamii nyingine?

Hili ndilo swali linalohitaji uvumilivu kuliko yote, na jibu la ndiyo au hapana halitoshi.

Kwanza, jua kuwa ruwaza za kufuma zimesafiri siku zote. Wanawake wa Coast Salish, wenyeji wa asili wa kisiwa cha Vancouver, Kanada, ambao Wacowichan ni miongoni mwao, walijifunza kufuma kwa sindano kutoka kwa walowezi wa Ulaya katika karne ya 19, wakaunganisha ujuzi huo na ule wao wa kale wa kusokota na kufuma sufu, ndipo ikazaliwa sweta ya Cowichan: nzito, ya sufu isiyotiwa rangi, yenye wanyama na maumbo makubwa. Kwa hiyo kuchukua na kuchanganya si dhambi yenyewe.

Pili, tazama nani anafaidika. Kabla ya Olimpiki ya Vancouver ya mwaka 2010 zilitolewa sweta za kuuzwa zilizofanana sana na zile za Cowichan lakini hazikufumwa na Wacowichan, nao wakalalamika hadharani. Mwaka 2018 kampuni kubwa ya mavazi iliondoa sokoni soksi zilizofanana na ruwaza ya Ngxokolo baada ya yeye kulalamika. Katika visa vyote viwili wenye kazi walikuwa hai, walikuwa wakiishi kwa kazi hiyo hiyo, na wangeweza kuulizwa.

Tatu, jua ruwaza inasema nini mahali ilipotoka. Katika kisiwa cha Taquile, kwenye ziwa Titicaca huko Peru, wanaume ndio wafumaji wa kofia, na kofia humwambia mtazamaji kama mwenye nayo ameoa au bado. Mtu asiyejua akiihamisha ruwaza ya namna hiyo kwenda kwenye skafu anaweza kuwa anaandika sentensi asiyoweza kuisoma.

Na nne, ambalo wengi hawalitarajii: ichunguze hadithi kabla ya kuiamini. Utasikia kwamba kila ukoo wa visiwa vya Aran, Ireland, ulikuwa na misokoto yake, yaani vitanzi vinavyopishana kama kamba, katika sweta ili wavuvi waliozama watambuliwe. Ni hadithi inayogusa moyo, nayo imeuza sweta nyingi, lakini haina msingi wa kihistoria. Sweta zile zenyewe ni za mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Kinachojulikana vizuri zaidi ni desturi nyingine, kwa mfano glavu za Sanquhar huko Scotland, ambazo hufumwa herufi za jina la mwenyewe kwenye kifundo cha mkono. Ukitaka kubuni nguo inayobeba utambulisho wa mtu, hapo una mfano wa kweli usiohitaji kuongezwa chumvi.

Ushauri wangu kwa mwanafunzi: jifunze mantiki ya ruwaza, uache umbo lake. Jiulize ni kwa nini inajirudia hivyo, inatumiaje rangi mbili kuonekana nyingi, inabadilikaje inapofika begani. Mantiki hiyo ukiitia maumbo yako utakuwa umejifunza kutoka kwa waliotangulia bila kuwavua nguo.

Nitumie mbinu gani ya kuingiza rangi?

Inategemea unachoamini, na sisemi hivi kulikwepa swali.

Kama unapenda maumbo madogo yanayojirudia, fuma kwa nyuzi mbili katika safu moja, ule usiotumika ukipita nyuma. Ndiyo njia ya Fair Isle, kisiwa kilicho kati ya Shetland na Orkney, na ndiyo njia ya Selbu huko Norway. Kanuni ya Fair Isle ya rangi mbili tu kwa kila safu inaonekana kifungo, kumbe ndiyo iliyozaa utajiri wake: rangi hubadilishwa safu kwa safu, za mbele zikipanda huku za nyuma zikishuka, na jicho linaona kumi mahali penye mbili. Angalia urefu wa uzi unaopita nyuma. Ukizidi sentimita mbili na nusu hivi, vidole vitanasa ndani ya mkono wa sweta, kwa hiyo unase katikati au ubuni upya umbo lako.

Kama umbo lako ni kubwa na limesimama peke yake, intasia inakufaa. Kila eneo lina uzi wake, nyuzi zinafungamana mipakani, hakuna kinachopita nyuma, na kitambaa kinabaki chepesi. Gharama yake ni mikia mingi ya kuficha na mwendo wa pole.

Jakadi, yaani ufumaji wa ruwaza za rangi kwa mashine yenye vitanda (safu) viwili vya sindano, inakupa rangi nyingi na mgongo nadhifu, ila kitambaa ni kinene. Vitanzi vinavyohamishwa bila kufumwa kutoka sindano moja kwenda nyingine vinakuwezesha kushika rangi moja tu kwa kila safu na bado ukapata vigae na ngazi. Mbinu hii inadharauliwa mno, nami humwelekeza kwayo kila anayeanza. Usisahau pia ruwaza isiyo na rangi kabisa: misokoto, matundu, vitanzi vya mbele na vya nyuma. Mwanafunzi anayetaka ruwaza isomwe kwa vidole kabla ya macho hana haja ya rangi ya pili.

Nilichora duara zuri kwenye karatasi ya miraba, mbona limetoka bapa?

Kitanzi si mraba. Katika ufumaji wa kawaida ni kipana kuliko urefu wake. Uzi wa unene wa kati unaweza kutoa vitanzi 22 kwa safu 30 ndani ya sentimita 10 kwa 10. Duara la miraba 22 kwa 22 litakuwa na upana wa sentimita 10 na urefu wa kama 7.3. Ukitaka liwe duara kweli, lichore kwa vitanzi 22 na safu 30, au tengeneza karatasi yako yenye visanduku vya uwiano huo.

Pima kwa mbinu ile ile utakayotumia, kwa sababu kufuma kwa rangi mbili huvuta kitanzi kikaribie kuwa mraba. Na pima baada ya kuiosha na kuikausha sampuli ikiwa imenyooshwa. Hesabu ya sampuli ambayo haijaoshwa haiaminiki.

Rangi zangu ni nzuri zikiwa kwenye vibonge vya uzi, lakini zikifumwa ruwaza inapotea. Nifanye nini?

Piga picha ya vibonge hivyo, uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi mbili zikitoa kijivu kimoja, ruwaza itapotea hata kama moja ni nyekundu na nyingine kijani. Kinachobeba umbo ni tofauti ya mwanga na giza. Rangi yenyewe hubeba hisia. Wanafunzi wengi hutumia miezi wakitafuta rangi "yao" bila kuligusa jambo hili.

Kuna na siri ya mkono: kati ya nyuzi mbili unazofuma nazo, ule unaopita chini mgongoni huonekana zaidi upande wa mbele. Amua mapema upi ni wa umbo na upi ni wa ardhi, yaani sehemu inayolizunguka umbo, wala usizibadilishe katikati ya kazi.

Kupotea kwa ruwaza kunaweza pia kuwa kusudi lako. Huko Sweden, Bohus Stickning, shughuli ya ufumaji iliyoanzishwa na Emma Jacobsson mwaka 1939 ili kuwapa kazi wanawake wa eneo ambalo uchimbaji wa mawe ulikuwa umedorora, ilitia vitanzi vya nyuma katikati ya ruwaza za rangi. Kitanzi cha nyuma hutokeza nundu yenye rangi mbili, kwa hiyo mpaka unafifia na rangi zinaonekana kuchanganyika zenyewe. Kazi ile ilikoma mwaka 1969, na bado wafumaji wanaifuata. Kwa mwanafunzi aliyesema mwanzoni kwamba hapendi ukingo mkali, shule yake ni hii.

Lazima nifume kwa mkono ndipo kazi ionekane ya kweli?

Hapana. Mashine ya kufuma si ya jana: William Lee wa Uingereza aliunda ya kwanza mwaka 1589, kwa ajili ya soksi. Tangu hapo kila mashine imekuja na akili yake na mipaka yake, na mbunifu mzuri huijua yote miwili.

Chukua mashine ya nyumbani ya kadi za matundu, ambayo matundu ya kadi ndiyo yanayoiambia ruwaza ya kufuma. Marudio yake ni vitanzi 24. Maana yake umbo lako lazima liwe na upana wa 24 au namba inayogawa 24 bila baki: 2, 3, 4, 6, 8, 12. Umbo la vitanzi 5 halitaingia. Unaweza kulilaumu jambo hilo au ukajiuliza lina nafasi gani ndani yake. Familia ya Missoni, Ottavio na Rosita, walioanza biashara yao ya nguo za kufuma huko Gallarate, Italia, mwaka 1953, walipata mistari yao maarufu ya kupindapinda kutokana na mashine za Raschel, zilizokuwa zikitumika kutengeneza shali. Waliitazama mashine inaweza nini, wakaipa rangi ambazo hakuna aliyewahi kuifikiria nazo. Mistari ile haikuchorwa kwanza kisha ikatafutiwa mashine.

Ukipata nafasi ya kugusa mashine za kompyuta zinazofuma nguo nzima bila mshono, kama zile ambazo kampuni ya Shima Seiki ya Japani ilizitambulisha mwaka 1995, swali linabadilika tena. Nguo haikatwi, kwa hiyo mabaki ni kidogo mno, na ruwaza inaweza kuuzunguka mwili bila kukatizwa ubavuni. Falsafa ya anayejali mwendelezo wa ruwaza, au ya anayechukia taka, hapo inapata chombo.

Mkono una lake pia. Unakuruhusu kubadili mawazo katikati ya safu. Mwenye falsafa ya kuitikia kinachotokea, na ambaye mchoro kamili unamkausha, afume kwa mkono.

Uzi gani unafaa?

Sufu husamehe. Nyuzi zake hushikana, kutofautiana kidogo kwa mkono hujificha ikioshwa, na inaweza hata kukatwa katikati bila kufumuka ovyo, ndiyo maana wafumaji wa Shetland hufuma mwili wa sweta kama bomba kisha wakapasua nafasi ya mikono. Pamba ni nzito, haina mnyumbuko mwingi, na huonyesha kila kosa. Lakini hutoa mpaka mkali wa rangi unaopendeza. Akriliki ni rahisi na ina rangi nyingi, ila pasi ya moto huilegeza moja kwa moja, na inapofuliwa huachia nyuzinyuzi za plastiki majini.

Anni Albers, aliyejiunga na Bauhaus, shule ya ubunifu ya Ujerumani, mwaka 1922 na baadaye kufundisha Black Mountain College huko Marekani, alikuwa wa mtande na mshindio, si wa sindano. Hata hivyo msimamo wake unatuhusu: mbunifu aanze kwa kuuelewa uzi unachoweza, ndipo aje na mpango. Chukua uzi uliouchagua, usokote, uvute, uloweshe, uulegeze, kabla hujachora chochote.

Nifume sampuli ngapi?

Mpaka ziache kukushangaza. Kisha tatu zaidi. Kila moja iwe na karatasi yake: uzi, ukubwa wa sindano au namba ya mkazo wa mashine, idadi ya vitanzi na safu, na sentensi moja ya kweli kuhusu unachokipenda na unachokichukia ndani yake. Sentensi hizo ndizo utakazozihitaji baadaye, kwa hiyo usiziandike kwa lugha ya kuwafurahisha watu.

Mwalimu anasema kazi yangu "haina msimamo". Anamaanisha nini?

Mara nyingi anamaanisha kwamba kila sampuli yako ni nzuri lakini zote zingeweza kuwa za watu mbalimbali. Dawa yake ni kukataa. Chagua kanuni moja ngumu na uishike kwa mkusanyo wote: rangi mbili tu, au hakuna umbo linalojirudia sawasawa, au ruwaza ifuate mifupa ya mwili, ikibana kiunoni na kupanuka begani, au kila kitu kitokane na mabaki ya nyuzi yaliyopo chumbani. Kanuni ikikubana mpaka uione inaudhi, usiiache haraka. Hapo ndipo utakapoanza kubuni.

Niandikeje maelezo ya falsafa yangu?

Andika mwishoni, ukiwa na nguo mbele yako. Na uandike kuhusu nguo hiyo.

Haya ni maelezo dhaifu: "Kazi yangu inasherehekea uzuri wa asili na kuunganisha jadi na usasa kupitia rangi na maumbo." Yatafaa kwa sweta yoyote, hata kwa kikombe.

Na haya yana nguvu: "Ruwaza kuu ya sweta hii iko upande wa ndani wa mikono. Nje kuna rangi moja. Mvaaji akikunja mikono ili afanye kazi, ruwaza inatokea. Naamini pambo ni la anayevaa kwanza, na mtazamaji alipate kwa ruhusa yake. Kwa sababu hiyo nilitumia jakadi yenye mgongo nadhifu mikononi tu, na ufumaji mwepesi mwilini." Hapa kuna imani, kuna mahali imani hiyo inapoonekana, na kuna mbinu iliyochaguliwa kwa ajili yake. Ukiwa na hayo matatu, maneno mia moja na hamsini yanatosha. Ukiwa huna, kurasa tano hazitakuokoa.

Epuka kujieleza kwa majina ya wabunifu wakubwa. Kumtaja aliyekufundisha jambo ni heshima. Kujificha nyuma yake ni jambo jingine.

Je, nguo isiyovalika inakubalika?

Inakubalika kama kutovalika kwake ndiyo hoja. Katika miaka ya 1980 msanii wa Ujerumani Rosemarie Trockel alitengeneza picha kubwa za sufu iliyofumwa kwa mashine, zenye nembo zinazojirudia kama ruwaza ya sweta, akazitundika ukutani mahali pa michoro ya rangi. Alikuwa anauliza kama kudharauliwa kwa ufumaji kunatokana na uzi wenyewe au na kazi ambazo wanawake wamepewa kuufanyia. Swali hilo lisingeulizika kwa sweta ya kuvaa. Lakini ikiwa kichwa hakipiti shingoni kwa kuwa hukupima, hiyo si hoja.

Sipendi ruwaza nyingi. Nitafaulu?

Ndiyo. Mstari mmoja uliowekwa mahali pake ni ruwaza. Utaulizwa maswali makali zaidi kuhusu unene wake, umbali wake kutoka ukingoni na rangi yake, kwa hiyo uwe umejaribu mahali kwingi kabla ya kupachagua hapo.

Kompyuta inaweza kunitungia ruwaza?

Inaweza kukutolea mia kwa dakika. Kazi ya kujua ipi ni yako inabaki kwako, na haiwezekani bila kuzifuma. Programu haijui uzi utakaopita nyuma ya umbo ililolichora, wala uzito wake begani.

Falsafa yangu imebadilika katikati ya muhula. Nianze upya?

Usitupe kitu. Panga sampuli kwa mfuatano wa siku ulizozifuma, mabadiliko yaonekane. Mtahini makini hupenda kuona mahali ulipogeuka na kilichokugeuza.

Siku ya kuwasilisha kazi nilete nini mezani?

Nguo yenyewe, na mtu wa kuivaa kama inawezekana, kwa sababu ruwaza iliyolala mezani na ruwaza iliyo juu ya bega linalosogea ni vitu viwili. Leta sampuli zilizoshindikana pamoja na zilizofaulu, mchoro wa kwanza, kadi au faili la mashine, na kipande kidogo kisichoshonwa ambacho watahini wanaweza kukigeuza, kukivuta na kukinusa bila woga. Wakikigeuza upande wa nyuma, nyamaza kidogo uwaache waangalie. Wakiuliza kwa nini hukutumia rangi ya tatu au kwa nini ruwaza inakatika kiunoni, usianze kuhutubia. Chukua sampuli uliyojaribu jambo hilo, uwape mkononi, kisha uwaambie ulichokiona ulipoifuma.